Fisi Hakummaliza Nyumbu, Sangara Alimmaliza Furu

(Hotuba iliyotolewa Mwanza mbele ya wanafunzi, walimu na wavuvi. Marudio ya mdomoni yamepunguzwa. Mengine yameachwa kama yalivyosemwa.)

Itifaki imezingatiwa. Wazee wangu wa mialoni, shikamooni. Walimu, wanafunzi, ndugu zangu wote, habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumze juu ya viumbe wanaokula na viumbe wanaoliwa. Nadhani walionialika walitegemea nije na picha za simba. Simba watakuwemo, lakini kuzungumza na watu wa Mwanza habari za simba peke yake, huku Ziwa Victoria likiwa hapo nyuma ya ukuta, ningeona haya.

Ukitoka hapa mjini kwa barabara ya Musoma unapita Magu, unapita Lamadi, na muda si mrefu unaliona lango la Ndabaka upande wako wa kulia. Hapo ndipo Hifadhi ya Taifa ya Serengeti inapokaribia kuligusa ziwa. Kulia kwako ni mbuga ambako simba, fisi, nyumbu na swala wamewindana tangu enzi zisizo na mwandishi. Kushoto kwako ni maji ambamo sangara aliingizwa wakati baadhi ya wazee waliokaa mstari huu wa mbele walikwisha kuzaliwa. Kati ya pande hizo mbili ni kilomita chache tu. Kulia, wala nyama wamekula miaka na miaka, na nyumbu bado wapo zaidi ya milioni moja. Kushoto, mla samaki mmoja aliongezeka ghafla, na katika muda usiotimia miaka kumi spishi za furu, vile vijisamaki vya asili vya ziwa hili, zinazohesabiwa kwa mamia zikatoweka au zikabaki kwa kuhesabu.

Kwa nini? Hilo ndilo swali langu la leo, na nitalijibu polepole.

Tuanze nchi kavu. Anayetazama televisheni anaamini kila nyumbu wa Serengeti hufia mdomoni mwa simba au mwa mamba wa Mto Mara. Hesabu zinasema vingine. Mwaka 1999 Mtanzania mwenzetu Simon Mduma, pamoja na Anthony Sinclair na Ray Hilborn, walichapisha uchambuzi wa kumbukumbu za nyumbu hao za miaka arobaini. Kazi yenyewe haikuwa ya kupendeza: kutafuta mizoga, kuvunja mifupa, kutazama uboho. Mnyama aliyeshiba uboho wake ni mgumu na mweupe kwa mafuta. Aliyekufa akiwa na njaa uboho wake huwa laini na wenye majimaji. Waligundua kwamba takriban robo tatu ya vifo vilitokana na lishe duni, hasa mwisho wa kiangazi majani yanapokwisha. Nyumbu wa Serengeti anawekewa kikomo na nyasi. Simba na fisi wanakula, tena wanakula sana, lakini hawashiki usukani.

Historia ilikwisha kutuonyesha jambo hilohilo kwa njia ya mkasa. Miaka ya 1890 ugonjwa wa sotoka uliingia Afrika Mashariki ukaua ng'ombe kwa kiwango ambacho jamii za wafugaji bado zinakisimulia, na nyati na nyumbu wakafa pamoja nao. Ugonjwa ukabaki, kila mwaka ukichukua ndama. Halafu ng'ombe waliozunguka mbuga wakachanjwa, na kufikia miaka ya mwanzo ya 1960 sotoka ikatoweka kwa nyumbu bila nyumbu hata mmoja kudungwa sindano. Mwaka 1961 walikuwa karibu robo milioni. Mwaka 1977 walihesabiwa milioni 1.3. Simba na fisi walikuwepo muda wote huo, na wao pia wakaongezeka kwa sababu chakula kiliongezeka. Hawakuweza kuzuia.

Sasa mwanafunzi makini ataniuliza: fisi ana njaa, nyumbu yuko mbele yake, kwa nini asimmalize?

Kwa sababu nyumbu anahama na fisi ana watoto. Mwaka 1988 John Fryxell na wenzake waliichambua hoja hii kwa hesabu, lakini mfugaji yeyote angeielewa bila hesabu. Ndama wa nyumbu husimama ndani ya dakika chache baada ya kuzaliwa, kwa wastani kama saba, na siku hiyohiyo anakimbia na mama yake. Mtoto wa simba hufichwa kichakani wiki kadhaa akiwa hajiwezi. Mtoto wa fisi hukaa pangoni miezi mingi akinyonya. Kwa hiyo nyumbu anaifuata mvua kutoka tambarare za Ndutu hadi Mara, na mla nyama anabaki na familia. Fisi wa Serengeti wamejaribu kutafuta njia: mama hutembea makumi ya kilomita kwenda kula kwenye makundi yanayohama, kisha anarudi kunyonyesha. Hata hivyo, idadi ya simba na fisi inaamuliwa na msimu mbaya, ule ambao nyumbu wamekwenda na wamebaki ngiri, nyamera na swala wachache. Hawawezi kuwa wengi kiasi cha kuwamaliza nyumbu wote, kwa kuwa miezi kadhaa ya mwaka nyumbu hawapo.

Na hao wanaobaki je? Hapo mambo yanageuka. Mwaka 2003 Sinclair, Mduma na Justin Brashares walitoa matokeo ambayo mimi nayaona ni kati ya mazuri zaidi kuwahi kutoka katika mbuga hii. Mla majani wa Serengeti akiwa na uzito chini ya kilo 150 hivi, na asiyehama, vifo vyake karibu vyote ni vya kuliwa. Digidigi anaandamwa na kila mtu: chui, duma, bweha, fisi, simba, mbwa mwitu, mpaka chatu. Kadiri mwili unavyokuwa mkubwa, orodha ya wanaomuweza inafupika. Twiga mkubwa ana simba tu wa kumuogopa, tembo na kiboko aliyekomaa hana wa kumuogopa isipokuwa sisi. Wao njaa ndiyo inawapunguza.

Ushahidi wa hilo uliletwa na majangili, wala hawakujua kuwa wanafanya sayansi. Miaka ya 1980 ujangili kaskazini mwa Serengeti uliwaondoa simba na fisi kwa wingi. Taya, swala tomi, swala pala, nyamera na ngiri wakaongezeka. Twiga hawakubadilika. Baadaye ulinzi ukarudi, simba na fisi wakarudi, na wale wadogo wakapungua tena. Ni nadra sana kwa mtu wa ikolojia kupata jaribio linalokwenda na kurudi hivyo.

Haya yote ni habari ya idadi. Lakini kula na kuliwa huacha alama ndani ya miili ya waliopona, na hapo ndipo tunaingia kwenye mageuko, yaani viumbe kubadilika kizazi baada ya kizazi.

Mchukueni duma na swala pala. Watafiti wakiongozwa na Alan Wilson waliwavalisha kola za kupima mwendo duma, swala pala, simba na punda milia huko Botswana, na mwaka 2018 wakachapisha vipimo vyao. Misuli ya mla nyama ina nguvu zaidi ya misuli ya mawindo yake kwa takriban asilimia 20, anamzidi mbio kwa asilimia 38, na kusimama ghafla anamzidi kwa asilimia 72. Ukisoma namba hizo unajiuliza swala anaponaje. Anapona kwa kutokukimbia mbio zake zote. Akienda kwa kasi ya chini kidogo anaweza kukata kona wakati wowote, na ni yeye anayeamua kona iwe wapi. Anayefuata hana budi kuitikia, na amechelewa tayari. Ndiyo maana mawindo mengi ya duma huponyoka. Richard Dawkins na John Krebs waliliweka wazo hili vizuri mwaka 1979: mmoja anakimbilia roho yake, mwingine anakimbilia mlo wake. Duma akikosa leo atajaribu kesho na bado anaweza kuzaa. Swala akikosea leo, hana kizazi tena. Kwa hiyo uteuzi asilia unambana anayeliwa kwa ukali zaidi kuliko anayekula, na kizazi kwa kizazi anayeliwa anabaki hatua moja mbele, au walau nusu hatua.

Nyumbu wamepata ulinzi kwenye kalenda. Karibu asilimia 80 ya ndama huzaliwa ndani ya wiki mbili au tatu, mwezi wa pili. Fisi ana tumbo moja. Siku ambayo ndama ni maelfu na maelfu, ndama mmoja mmoja ana bahati kubwa ya kupitwa. Anayezaliwa mapema mno au amechelewa anakuwa peke yake mbele ya macho yote. Katika vizazi vingi, ukoo wa wanaozaa nje ya wakati umekuwa ukiliwa, na ukoo wa wanaozaa pamoja ndio uliopo.

Swala tomi wana lao. Mmewaona wakiruka wima, miguu minne imekakamaa, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, huku mbwa mwitu wanakuja. Kwa akili ya kawaida ni upuuzi, anapoteza muda. Lakini Clare FitzGibbon na John Fanshawe walionyesha mwaka 1988 kwamba mbwa mwitu huwachagua wale wanaoruka kwa uchache. Anayeruka sana anatangaza afya yake: usijisumbue na mimi. Na mbwa mwitu anaielewa taarifa hiyo na kuitumia, kwa sababu naye kukimbiza asiyekamatika ni hasara. Maadui hawa wawili wana mazungumzo, na mazungumzo huhitaji muda mrefu wa kuzoeana.

(Nafungua mabano: mistari ya punda milia siyo sehemu ya habari hii, ingawa tulifundishwa hivyo. Ushahidi ulioko sasa, hasa kazi za Tim Caro, unaelekeza kwenye nzi wanaouma na mbung'o. Nzi hushindwa kutua vizuri kwenye mistari. Simba hasumbuliwi nayo. Nafunga mabano.)

Basi tuingie majini.

Ziwa Victoria lilikauka, au lilikaribia kukauka kabisa, na likajaa tena kama miaka elfu 15 iliyopita. Katika muda huo, ambao kwa mambo ya mageuko ni mfupi mno, furu wachache wa kuanzia walizaa zaidi ya spishi 500. Hakuna mahali pengine duniani palipojulikana samaki kugawanyika kwa kasi hiyo. Kulikuwa na furu wa kula konokono, wa kukwangua mwani kwenye mawe, wa kula wadudu, wa kula vijidudu vinavyoelea, wa kula tope la chini, wa kunyang'anya mayai na watoto kutoka vinywani mwa mama zao, na zaidi ya spishi mia moja za kula samaki wenzao. Mmoja wa wanaoishi kwenye mawe anaitwa kitaalamu Pundamilia nyererei. Mnajua ni nani aliyepewa heshima hiyo. Miaka ya 1970 furu walikuwa zaidi ya asilimia 80 ya uzito wa samaki wote waliovuliwa na nyavu za kukokota chini ya ziwa. Hapa Mwanza kilijengwa kiwanda cha kuwasaga wawe chakula cha mifugo, kwa kuwa waliopanga mipango waliwaona ni vijisamaki vya miiba visivyo na thamani.

Fikra hiyohiyo, kwamba vijisamaki hivi vigeuzwe nyama ya maana, ndiyo iliyomleta sangara. Michael Graham, aliyelipima ziwa mwaka 1927 na 1928, alikwisha kuonya kwamba kumleta mla samaki mkubwa kutoka nje ni hatari pasipo utafiti wa kina. Geoffrey Fryer akarudia onyo mwaka 1960. Haikusaidia. Kati ya miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 sangara aliingizwa upande wa Uganda na kisha Kenya, akitoka maziwa mengine. Kwa karibu miaka ishirini hakuonekana kufanya lolote kubwa, na waliomleta wakapumua. Kisha akalipuka: ghuba ya Kisumu mwishoni mwa miaka ya 1970, Uganda muda mfupi baadaye, na ghuba yetu ya Mwanza katikati ya miaka ya 1980. Timu ya watafiti kutoka Leiden, Uholanzi, akiwemo Frans Witte, walikuwa wakivuta nyavu hapa tangu mwaka 1977 pamoja na wenzao Watanzania. Ghuba ambayo wavu mmoja ulitoa furu wa kujaza mashua, baada ya miaka michache ilitoa sangara na karibu hakuna kingine. Takriban spishi mia mbili zinakadiriwa kuwa zilipotea.

Haki itendeke: sangara hakuwa peke yake. Mashua za kukokota zilikwisha kuwapunguza furu wakubwa katika maeneo kadhaa. Udongo na mbolea kutoka mashambani viliyatia maji ukungu, mwani ukaongezeka, hewa ya chini ya ziwa ikapungua. Ole Seehausen alionyesha mwaka 1997 kwamba katika maji yenye ukungu jike la furu halioni vizuri rangi za madume, linachanganya, na spishi mbili zinaanza kuwa moja. Hata hivyo, pale Mwanza, ukilinganisha ni spishi zipi ziliondoka kwanza na lini, mkono wa sangara unaonekana wazi.

Sasa swali letu lina nguvu zaidi. Kama fisi hakuweza, sangara aliwezaje?

Kwanza tumtazame mtu aliyedhani hawezi. Mwaka 1926 mwanahisabati wa Italia, Vito Volterra, aliandika milinganyo ya mla na mliwa, baada ya mkwewe Umberto D'Ancona kumletea takwimu za masoko ya samaki wa bahari ya Adriatiki wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Katika milinganyo ile mla akiwapunguza mno mawindo anapata njaa, anapungua, mawindo wanapata nafasi, wanarudi. Inapanda na kushuka bila kwisha. Ni hesabu nzuri, na mwanafunzi wa kidato cha sita anaweza kuichora. Lakini inadhani mla ana chakula cha aina moja. Sangara hakuwa hivyo. Furu walipopungua alihamia kwa dagaa, akahamia kwa uduvi mdogo wa ziwani ambao nao waliongezeka kwa sababu furu hawakuwepo tena, na alipozidiwa akala watoto wake mwenyewe. Idadi yake haikushuka pale furu alipokuwa anahitaji kupumua. Furu wa mwisho aliwindwa na mnyama ambaye hakumtegemea tena.

Halafu uzazi. Furu jike wengi wa hapa hutaga mayai machache, mara nyingi makumi tu, na kuyalea mdomoni. Ni malezi bora kwa ziwa walilolizoea. Sangara jike mkubwa hutaga mamilioni na kuyaacha. Furu hana akiba ya kupoteza.

Lipo pia jambo la koo, na hili ndilo linalonisisimua zaidi ya yote. Furu ana seti mbili za taya: za mdomoni, na nyingine ndani ya koo za kusagia. Taya za koo ndizo zilizowawezesha kugawanyika katika vyakula vingi namna ile. Watu wa mageuko kwa miaka mingi wamezitaja kama mfano wa uvumbuzi wa maumbile. Lakini taya hizo zimeungana na kulifanya koo liwe jembamba. Mwaka 2015 Matthew McGee na wenzake walipima: furu mla samaki anaweza kuchukua saa kadhaa kummeza samaki mmoja ambaye sangara anammeza kwa dakika. Muda wote ziwa lilipokuwa na furu peke yao wakishindana, ubovu huo haukumuumiza mtu, kwa kuwa wote walikuwa nao. Siku alipoingia asiye nao, furu wala samaki wakawa miongoni mwa waliotoweka vibaya zaidi. Wengine waliliwa, na waliobaki walizidiwa mezani. Uvumbuzi uliowapa spishi mia tano uligeuka mzigo bila wao kubadilika hata kidogo.

Wazee wataniambia: furu mbona bado tunawaona? Ni kweli, na waliobaki wanatufundisha kuliko waliokufa. Mbipi, yaani furu wa kwenye mawe, walipona vizuri kuliko wa maji ya wazi, kwa kuwa sangara ni mkubwa na hapiti kwenye nyufa. Wengine walipona ndani ya mafunjo. Sangara anahitaji hewa nyingi kwenye maji, na katikati ya mafunjo maji yamekufa kwa kukosa hewa. Furu kadhaa wanavumilia. Lauren Chapman na wenzake walilichunguza hili katika Ziwa Nabugabo huko Uganda, lililo jirani kabisa na ziwa letu. Vijiziwa vya pembeni, kama Kanyaboli upande wa Kenya, vilihifadhi samaki ambao ziwa kubwa lilikwisha kuwapoteza, wakiwemo ngege, aina ya sato wa asili. Kwa hiyo mawe na mafunjo yamefanya hapa kazi ambayo kule Serengeti inafanywa na kuhama: kumpa anayeliwa mahali ambapo mla hafiki. Anayekata mafunjo ili apande mboga amepunguza eneo la kujificha, hata kama hajawahi kutupa wavu.

Miaka ya 1990 viwanda vya minofu vilipowavuta wavuvi wote kwa sangara, sangara wakubwa wakapungua na baadhi ya furu wakarudi, hasa wale wa kula vijidudu na wa kula tope. Watafiti waliwapima wakawalinganisha na furu wa spishi hizohizo waliohifadhiwa tangu mwishoni mwa miaka ya 1970. Hawakuwa walewale. Kwa spishi moja, Haplochromis pyrrhocephalus, Witte na wenzake waliripoti mwaka 2008 kwamba eneo la matamvua liliongezeka kwa takriban asilimia 64, jambo linaloendana na maji yenye hewa haba. Mwaka 2013 Jacco van Rijssel na Witte wakaonyesha kuwa furu waliorudi wana vichwa vidogo na sehemu ya nyuma karibu na mkia iliyo kubwa zaidi kuliko wa zamani. Mkia mkubwa ni msukumo wa ghafla, na msukumo wa ghafla ndio unaomtoa furu mbele ya mdomo wa sangara. Hayo yalitokea ndani ya vizazi visivyozidi vile ambavyo babu anaweza kuvisimulia. Kiasi gani ni kurithi na kiasi gani ni mwili kukua kulingana na mazingira, bado kunajadiliwa, na mimi sitaki kuwauzia zaidi ya kilichopo. Ila kwa waliopona, mazungumzo kati ya mla na mliwa yameanza.

Nimebakiza mla mmoja, amekaa humu ukumbini.

Chris Darimont na wenzake walilinganisha mwaka 2015 jinsi binadamu na wala nyama wengine wanavyovuna. Wala nyama wengine huchukua zaidi watoto, wagonjwa na wazee. Sisi tunawachukua waliokomaa, wazazi wenyewe, na kwa samaki tunawavuna waliokomaa kwa kiwango kinachofika hadi mara 14 ya kile cha wala nyama wengine. Shinikizo la namna hiyo nalo linachonga miili. Mahali ambapo mkubwa ndiye anayekamatwa, anayewahi kuzaa akiwa mdogo ndiye anayeacha kizazi. Dagaa wa ziwa hili wamepimwa wakikomaa wakiwa wadogo kuliko zamani, na hapo sangara na karabai zetu, yaani taa za kuvulia usiku, wote wana sehemu yao.

Ndiyo maana niliipenda ile kanuni iliyotumika kwa miaka mingi, ya kuvua sangara wa kati ya sentimita 50 na 85, ingawa najua haikupendwa mialoni. Watu huelewa haraka kwa nini mdogo aachwe. Mkubwa ndiye aliyeleta ugomvi: mvuvi alimwona mwenye nyama nyingi na bondo zito, yaani kile kifuko cha hewa tumboni mwake, akaliwaza soko la mabondo, halafu akaambiwa amwachilie. Lakini jike la zaidi ya sentimita 85 ndilo linalobeba mayai mengi kuliko yote, na tena ndilo lililoshinda kila wavu, kila ndoano na kila sangara mwenzake tangu lilipokuwa dogo la kula uduvi. Na hapa napingana na baadhi ya wahifadhi wenzangu wanaomtazama sangara kama adui tu: familia nyingi za mkoa huu zinamtegemea, ametimiza zaidi ya miaka sitini ziwani, na furu waliopo sasa wamejengwa naye. Ukimwondoa leo, hautapata ziwa la mwaka 1960. Utapata ziwa jingine la tatu, ambalo hakuna aliyewahi kulivua.

Nadhani hoja ya mwisho haijawafurahisha wote, maana naona mikono imeinuka tangu nilipotaja sentimita 85. Mzee wa kofia nyeupe ndiye aliyetangulia. Karibu, mzee, maikrofoni hiyo inakuja.